Mama Haipatikani

Hii ninayotaka kuwasimulia hamtaiamini, na sitawabembeleza. Watu wazima wenye akili zao wamenisikiliza mpaka mwisho, halafu wakaniuliza kama nimetia chochote tumboni tangu asubuhi. Lakini niko tayari kuapia kitu chochote mtakachochagua nyinyi: nyumba iligombana na mwenye nyumba kwa sababu ya herufi moja, wakanuniana, na ilibaki kidogo tu mzee wa watu ahamishwe kwake akiwa hai.

Mzee mwenyewe ni shemeji yangu, mume wa dada yangu. Mtaa mzima unamwita Sponji, na jina lake la kuzaliwa nadhani hata yeye akilikuta kwenye kitambulisho hushtuka. Anashona makochi. Karakana yake iko nyuma ya nyumba, banda la mabati lenye harufu ya gundi na mbao mpya, na akiwa humo mdomo wake hujaa misumari midogo. Ndiyo maana watu husema ni mpole. Upole gani? Mtu mwenye misumari mdomoni atagombana vipi?

Kwenye makochi simsifu kwa ushemeji, maana mafundi nimewaona wengi. Mletee kochi kuukuu, alipapase kidogo, atakwambia nani anakaa upande gani, nani analalia mkono wa kushoto, na nani anaficha maganda ya karanga chini ya mto. Anayasoma mabonde ya sponji kama wengine wanavyosoma viganja. Kochi la sebuleni kwake lilikuwa na mabonde mawili, lake na la dada yangu. Sasa limebaki moja. Lile la pili lilijaa polepole, likainuka, likalingana na sehemu ambayo hakuna mtu aliyewahi kukaa. Alitumia sponji ya daraja la kwanza, mjinga yule. Angetumia ile mbovu anayowawekea wateja wasumbufu, bonde lingekuwepo mpaka leo.

Dada yangu alipougua na kushikwa na kitanda, binti yao, ambaye anafanya kazi mji mwingine mbali sana, alikuja na maboksi. Akaigeuza nyumba ikawa ile wanayoiita nyumba janja. Taa zinajiwasha mtu akipita. Kengele ya getini inalia ndani ya simu. Juu ya kabati la vyombo akaweka kisanduku cheusi kinachosema kwa sauti ya mwanamke anayesoma taarifa ya habari. Kisha kamera tatu, kila moja na jina lake, ili kisanduku kikisema kijulikane kinazungumzia ipi. Ya getini ikaitwa Geti. Ya karakana ikaitwa Karakana. Ya tatu ilielekezwa kitandani, ili Sponji awe anamtazama mkewe kwenye simu huku akigonga misumari. Hiyo binti hakuifikiria mara mbili. Akaandika Mama.

Basi ikawa dada yangu akiinua mkono, Sponji huko karakanani anatupa nyundo na kukimbia. Anafika anahema.

"Unataka nini, mke wangu?"

"Sitaki kitu. Nilikuwa najikuna."

Alimfanyia hivyo mara nyingi, na kila mara Sponji alikimbia. Utani huo ni wa ukoo wetu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha.

Alipofariki, hakuna aliyekumbuka kubadilisha jina. Sponji aliihamisha kamera, akaiweka juu ya rafu ya sebuleni ikitazama meza ya kulia, ili sasa binti awe anamwona yeye. Binti akitaka kumwona baba, anabonyeza Mama. Hawakuliona jambo hilo kuwa la ajabu, na mimi niliyekuwa nikipita pale mara moja moja sikuliona pia.

Kisha kampuni ya intaneti ikaja kubadilisha ruta. Wakaondoka na ya zamani, wakaacha mpya yenye jina jipya na paswedi mpya. Binti akamwelekeza baba yake kwa simu, bonyeza hapa, andika pale. Geti ikakubali. Karakana ikakubali. Ile ya sebuleni ikawaka taa nyekundu na kubaki hivyo. Kesho yake asubuhi Sponji anaingia kuchemsha chai, kisanduku kikamwambia kwa sauti yake ya habari:

"Mama haipatikani."

Sponji alisimama na birika mkononi.

"Hapatikani," akasema.

"Samahani, sijaelewa."

"Mama ni mtu. Mtu hapatikani. Kitu kisichopatikana ndiyo haipatikani: sukari haipatikani, gundi haipatikani..." Akatafuta cha kuongezea. "Akili yako wewe, haipatikani."

"Samahani, sijaelewa. Mama haipatikani. Tafadhali kagua muunganisho."

Chai ile hakuinywa. Alikwenda karakanani akapiga misumari mpaka mchana, na aliporudi kula, mlango haujafungika vizuri, kisanduku kikamwambia tena. Si kwamba Sponji ni mwalimu wa lugha. Shule alifika karibu na nilipofika mimi, na hapo si mbali. Lakini kila mtu, hata asiyejua kusoma, anajua kwamba kuna namna ya kumsema mtu na kuna namna ya kusema birika. Kumwita dada yangu kwa namna ya birika, ndani ya nyumba yake, kila mlango unapofunguliwa, kulimkwaruza mahali ambapo hapakuwa pamepona.

Binti akapiga simu.

"Shikamoo baba. Mbona sikuoni?"

"Marahaba. Nipo."

"Upo wapi? Nikibonyeza Mama naona giza."

"Kamera ndiyo giza. Mimi nina mwanga wa kutosha."

"Baba, usinitanie. Umekula nini?"

"Mkate."

"Na nini?"

"Na sahani."

Binti hakucheka. "Baba, mimi huku sifanyi kazi vizuri nisipojua kama umeamka. Tulikubaliana. Uliniambia utabaki hapo ilimradi niwe nakuona. Kama mpaka Jumamosi hali ni hii, nakuja kukuchukua, tukaishi wote."

Anakoishi binti ni ghorofani, vyumba viwili, na jirani wa chini hugonga dari kwa ufagio kiti kikiburutwa tu. Sasa Sponji angegongea wapi misumari? Angekaa dirishani aangalie mapaa ya watu, asubiri binti arudi kazini, ale, alale. Mikono yake ile ingekuwa ya kushikia rimoti. Alimpenda binti yake, hilo halina ubishi, lakini alijua siku ya namna hiyo ingekuwa ndefu kiasi gani, na aliijua nyumba aliyonayo, hata ikiwa na kisanduku chake.

Akamwita fundi wa kamera, mwanamke mfupi mwenye ngazi ndefu, anayeongea na waya kama watu wanavyoongea na mbuzi. Akapanda, akapuliza vumbi, akabadilisha adapta, akasogeza ruta, akashuka.

"Baba, kamera yako nzima kabisa. Ila ni ya toleo la zamani kuliko zile mbili. Inaikumbuka ruta ya zamani tu. Iko hapo inaiita, haiitikiwi."

Sponji akaitazama kamera. "Muda wote huu inaita?"

"Muda wote. Sasa dawa ni mbili. Ya kwanza, tuipe ruta mpya jina lile lile na paswedi ile ile ya zamani. Kamera itadhani hakuna kilichobadilika. Paswedi ya zamani unayo?"

"Aliiweka mke wangu. Hata kamera zilipofungwa, aliyeiandika ni yeye."

"Aliitunza wapi?"

"Kichwani."

Fundi alikuwa ameshaambiwa habari za msiba, akashusha sauti. "Pole, baba. Basi twende na ya pili. Tunaiondoa kamera kwenye mfumo, kisha tunaiingiza upya. Kazi ya dakika mbili."

Akachukua simu ya Sponji, akabonyeza, na maandishi yakatokea. Sponji aliyajua. Alishayaona peke yake siku ya kwanza, na siku ya pili, na siku zote hizo alirudi nyuma. Yalisema: *Ondoa Mama kwenye Nyumba? Kitendo hiki hakiwezi kutenduliwa.* Chini yake: *Ghairi. Ndiyo.*

Alimpokonya simu kama mtu anayemwondolea mtoto kisu.

"Ghairi," akasema. "Tujaribu ile ya kwanza."

"Paswedi si hatuna?"

"Nilikaa naye nyumba moja maisha yangu yote. Nitakosaje kulijua neno lake moja?"

Fundi akamwonyesha namna ya kujaribu. Unaandika neno, unasubiri. Likiwa lenyewe, taa nyekundu ya kamera inakuwa kijani. Akabeba ngazi yake akaenda.

Sponji akaketi mezani mchana ule, na mchana uliofuata, makochi ya watu yamelala karakanani bila nguo, akaanza kubahatisha. Aliandika jina la binti. Taa nyekundu. Akaandika jina la mtaa walikokutana. Nyekundu. Akaandika mumewangu, kwa herufi ndogo, kisha kwa herufi kubwa, huku akiona haya kidogo, maana ni kama kujisifu mbele za watu. Nyekundu. Akaandika lile jina la utani alilompa wakati wa uchumba, ambalo nimekatazwa kulitaja, nami sitalitaja, isipokuwa niseme tu kwamba linahusu masikio. Nyekundu. Akanipigia simu mimi kuuliza. Nikamwambia ajaribu jina langu, kwa kuwa dada yangu alinipenda kuliko binadamu wote. Nayo ikakataa. Ruta ile ilikuwa na kasoro.

Mbaya zaidi, kila alipobadilisha neno, nyumba nzima ilikatika. Kisanduku kikaanza kumsomea orodha:

"Geti haipatikani. Karakana haipatikani. Mama haipatikani."

"Geti halipatikani," alijibu Sponji bila kuinua kichwa. "Karakana hapo umepata. Mama hapatikani."

"Samahani, sijaelewa."

Hao ndio waliokuwa wakiongea nyumbani mle, yeye na kisanduku. Na kamera. Kwa sababu kadiri maneno yalivyomwishia, ndivyo alivyoanza kuiuliza ile taa nyekundu. Uliandika nini? Ni chakula? Ni wimbo? Ulikuwa na jambo ambalo hukuniambia? Watu mnaolala kitanda kimoja mnadhani mmemalizana. Kumbe mtu akiambiwa andika neno la siri, kuna neno linamjia haraka, na mwenzake wa mto mmoja halijui, wala hakuwahi kuuliza. Hilo lilimuuma Sponji kuliko kamera. Alijiona kama mgeni aliyekaa sebuleni miaka mingi bila kukaribishwa chumbani.

Binti akapiga, sauti iko juu. "Baba! Sasa hata geti silioni! Nyumba nzima imezimika! Nimekaa kwenye mkutano nawaza mabaya!"

"Natengeneza."

"Unatengeneza nini? Nimeshaongea na mwenye gari la mizigo. Jumamosi asubuhi."

"Gari la mizigo la nini?"

"La kochi, baba. Najua hutaondoka bila hilo kochi."

Hapo Sponji akaona mambo yamekuwa mambo. Siku iliyobaki kabla ya hiyo Jumamosi akamwita fundi tena. Fundi akaweka ngazi ukutani, akamtazama, akamwambia kama mtoto anavyomwambia baba yake:

"Baba, sema ukweli. Kwa nini hutaki tuiondoe?"

Sponji akakohoa. "Mke wangu yumo humo."

"Humo wapi?"

"Kwenye kamera. Si ilikuwa inamrekodi? Chumbani, alipokuwa anaumwa. Anainua mkono. Ukiiondoa, si na yeye unamfuta?"

Fundi hakucheka, na kwa hilo nampa heshima, maana mimi ningecheka kisha nikajuta. Akasema, "Kumbukumbu hazikai kwenye jina, baba. Zinakaa kwenye kadi." Akaishusha kamera, akachomoa kitu kidogo kama ukucha, akakitia kwenye kompyuta yake, akaiweka mezani. "Kaa utazame mwenyewe."

Sponji akafuta mikono kwenye suruali, akaketi. Picha ikaja. Ilikuwa meza, ile ile waliyokaa, na mzee mmoja amesimama pembeni yake anakula mkate bila kukaa. Fundi akasogeza. Mzee yule ameketi, simu mkononi, anaizungumzisha kamera. Sauti ikatoka: "Au ni masikio? Nimeshajaribu masikio." Fundi akaipunguza sauti upesi, akageuka kuikagua ngazi yake ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Rudi nyuma," Sponji akasema.

Akarudisha. Mzee yule anapangusa meza iliyo safi.

"Nyuma zaidi."

Mzee anaingia na sahani moja. Mzee anatoka na sahani moja. Mzee amelaza kichwa juu ya meza, na jua la dirishani linamsogelea, linampita, linaondoka.

"Nyuma kabisa."

"Hapa ndipo inapoanzia, baba." Fundi alisema polepole. "Kadi ikijaa, inafuta za zamani, inaandika mpya juu yake. Za mama zilishafutika siku nyingi. Kabla hata ruta haijabadilishwa."

Sponji alikuwa amekaa akimlinda mkewe asifutwe, na kumbe aliyemfuta ni yeye, kidogo kidogo, kwa kula mkate mbele ya kamera. Humo ndani alikuwamo yeye tu, tangu mwanzo mpaka mwisho. Akaisogelea ile picha.

"Kumbe nimeinama hivi?"

"Kidogo, baba."

"Si kidogo." Akaitazama tena. "Na binti yangu alikuwa anaona hivi? Kila siku?"

"Alipokuwa anaona, ndiyo."

Akachuna gundi iliyokauka kwenye kidole gumba. Kisha akanyoosha mkono. "Lete simu."

Maandishi yakaja yale yale. *Ondoa Mama kwenye Nyumba?* Akayasoma yote, na yale ya chini, kama mtu anayesoma kitu anachojua atakitii. Akabonyeza *Ndiyo* mwenyewe. Fundi alitaka kumsaidia, akamzuia kwa kiwiko. Na kutoka juu ya kabati, ile sauti ya habari ikasema:

"Mama imeondolewa."

Fundi alimtazama akitegemea amkaripie kisanduku. Sponji akafikiri.

"Imeondolewa," akasema. "Eeh. Hapo iko sawa. Haikusema ameondolewa."

Fundi akairudisha kamera kwenye rafu, akaingiza paswedi mpya, akasubiri. Taa ikapepesa, ikawa kijani.

"Tuiiteje, baba?"

"Inaona nini?"

"Inaona meza."

"Basi iite Meza."

Fundi alipokuwa akifunga ngazi yake kwenye pikipiki, simu ya Sponji ikalia.

"Baba! Nakuona!"

"Haya. Nione."

"Umekonda."

"Kamera yenyewe inakondesha. Muulize fundi."

"Sogea katikati, nakuona nusu."

"Nusu nyingine iko hivi hivi, haina jipya."

Binti akacheka, kisha kicheko kikakatika katikati. "Baba, hii Meza ndiyo ilikuwa..."

"Ndiyo."

"Uliitoa mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Binti akajipangusa pua, akasema, "Basi nitamwambia mwenye gari asije. Nitakuja mwenyewe tu, kukusalimia. Lakini baba, kula ukiwa umekaa. Nitaona."

"Nitakaa."

"Na uwe unaniambia kitu, si unaishia kunipungia mkono."

"Nikikupungia, jua najikuna."

Simu ikakatika. Na hapo, ndugu zangu, ndipo Sponji alipoangua kilio ambacho mtaa huu haujapata kukisikia. Alilia mpaka kioo cha kamera kikaingia ukungu. Jirani wa kushoto akazima redio. Jirani wa kulia akaja na ndoo akidhani bomba limepasuka. Fundi akarudi mbio amshike bega la kushoto, na la kulia nilimshika mimi mwenyewe kwa mkono huu huu ninaoandikia, nikamwambia maneno mazito, maneno ya mtu mzima, ambayo yalimfanya ainue uso wake na ku—

"Shemeji."

Kumbe nilikuwa najisomea kwa sauti ninachoandika, hapa karakanani kwake, naye ameinama kwenye kochi la mteja, ametema misumari yote kiganjani.

"Umenishika bega gani?"

"La kulia."

"Fundi alishaondoka. Hakuna jirani aliyekuja. Sikulia, nilikaa tu naitazama ile taa ya kijani, nikidhani labda binti bado ananiangalia. Na wewe hukuwepo."

"Sawa, lakini kama ningekuwepo, shemeji, ninge—"

"Hukuwepo."